Ardhi Isiyo na Nyungunyungu

Milimani, Cao Phong
Mwezi wa tisa, mwezi ungali mchanga

Dada yangu mpendwa Luyen,

Kabla ya salamu nina ombi, na naliomba kwa jina la marehemu baba: neno lolote utakalolisoma humu lisitoke kinywani mwako. Usiisome barua hii mbele ya watu. Usimwambie Mama mpaka utakapoamua mwenyewe. Bi Thom wa jirani asiione hata bahasha. Ukimaliza, itie kwenye jiko la pumba iungue yote. Nisamehe kwa kutanguliza amri kabla ya heri. Siku hizi hofu imenifundisha adabu mbaya.

Hujambo, dada? Nhai hajambo? Meno yake ya mbele yameota, au bado anacheka huku ameziba mdomo? Na magoti ya Mama yanasemaje? Najua msimu wa kuvua ruoi, minyoo wetu watamu wa matopeni, umekaribia, na huku milimani hakuna mtu ambaye magoti yake nayaamini kama ya Mama. Yakianza kumuuma pamoja na manyunyu haya ya baridi, basi mto utapanda na ruoi watatoka matopeni, hata kama kalenda inasema bado. Lango la maji la shamba letu mmelitengeneza? Nyavu mmezishona? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, ila pikipiki ikipita barabarani huweka bakuli chini nikasikiliza mpaka ipotee.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo, nayo laini yangu niliitupa mtoni. Dereva wa lori la machungwa atakayekufikishia barua hii hajui kilichomo. Nimemwambia ni dawa ya magoti.

Dada, nakuandikia habari za Hoanh, mumeo. Najua ulinikataza kulitaja jina lake. Uliniambia kwamba tangu siku uliyopigiwa simu wewe ni mtu asiye na mume, na kwamba Nhai akiulizwa aseme baba yake hayupo. Najua pia alivyosema Bi Thom sokoni, kwamba mume wa Luyen ni ruoi, huja na maji huondoka na maji, na jinsi wauza mboga walivyocheka huku wewe umeshika kikapu chako. Sikulaumu kwa lolote ulilosema tangu siku hiyo. Lakini uliambiwa uongo. Hoanh hakukukimbia. Hakukuwa na msichana yeyote wa kibanda cha chai. Nitakuambia aliko, ila nakusihi usirukie mwisho wa barua. Soma taratibu, kama ninavyoandika, maana mimi mwenyewe siwezi kufika huko kwa haraka.

Niliwaambia nyumbani kwamba nimepata ukarani katika kampuni ya dawa za asili. Haikuwa kampuni, ilikuwa tanuri. Bosi Sinh alikuwa akinunua nyungunyungu, anawapasua, anawakausha, kisha anawauza ng'ambo ya mpaka kwa watengenezaji wa dawa za homa na kikohozi. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mizani na kuandika. Wavunaji waliingia mashambani mwa watu wakiwa na betri mgongoni na fimbo mbili za chuma mikononi. Fimbo zikichomekwa ardhini umeme hupita, na nyungunyungu hutoka wenyewe wakijipindapinda, utadhani ardhi imewatapika. Mashine hizo zimekatazwa. Kila mtu anajua, na kila mtu ananyamaza.

Mimi ndiye niliyemwita Hoanh. Mwaka jana, gharika ilipobomoa tuta la shamba letu, mlihitaji kitu cha kuanzia, nami nikasema huku kuna kazi ya miezi michache. Alikuja na mfuko mmoja. Kitu cha kwanza alichomwambia Bosi Sinh, kabla hata ya kukaa, ni kwamba ruoi wakikaribia yeye anarudi kwake, kazi iwe imekwisha au haijakwisha.

Unaujua ucheshi wake. Jioni moja nilimsimulia niliyofundishwa chuoni, jinsi mwalimu wetu alivyotupangia sahani juu ya meza: nyungunyungu wa shambani, ruba wa kinamasi, ruoi wetu wa matopeni, mnyoo wa mchangani anayekaushwa kwa ajili ya supu, vile vijinyoo vyekundu kama uzi vya kwenye mitaro, na yule wa baharini anayejijengea mrija akachanua kichwa chake kama ua. Mwalimu alitutaka tutazame pingili zao. Wote walikuwa wameungwa pete kwa pete. Akatuambia huo ni ukoo mmoja, tena mkubwa kuliko tunavyodhani. Wengine wamerithi nchi kavu, wengine maji baridi, wengine chumvi. Hoanh alicheka mpaka chai ikampalia. Alisema kama ni ukoo, basi ruba ndiye shemeji, kwani huja bila kualikwa, hunyonya, na akishiba huanguka akalala papo hapo. Kisha akanitazama mimi. Ruoi, akasema, ndiye mama mkwe, hatoki nyumbani mpaka magoti yaume. Nikamuuliza, na nyungunyungu? Alisema nyungunyungu ni mke: kazi yote anaifanya chini kwa chini, na hakuna anayemshukuru mpaka siku atakapotoweka.

Nilitaka uyapate maneno hayo, dada. Ni yako.

Kazi ile hakuipenda. Unakumbuka jinsi alivyomfukuza kijana aliyeosha bomba la dawa kwenye mfereji wetu, akisema ruoi hawali sumu ya mtu yeyote. Huku aliniambia, "Shemeji, nyumbani mimi ni mwenyeji wao, hapa ni mwizi wao." Nyungunyungu wadogo aliwarudisha udongoni na kuwafunika kwa kiganja. Bosi Sinh alikuwa akimpigia kelele mbele ya wenzake, "Wewe mtu wa matopeni, unavua au unafuga?" Naye alijibu kwamba anafuga hasira tu, bei yake bado haijapanda. Wenzake walimpenda kwa hilo.

Aliyempenda zaidi ni Mama En, mjane wa kabila la Kimuong mwenye shamba la michungwa lililopakana na tanuri. Huuza machungwa na machenza kando ya barabara, meno yake meusi kwa tambuu. Wavunaji wakipita aliwauliza, "Leo mmekuja kuiba nini, wezi wa minyoo? Kesho mtang'oa na mizizi?" Lakini Hoanh alikaa kwenye kibanda chake kila alipopata nafasi, akala machenza upesi upesi na kuyaweka maganda mfukoni. Mama En alisema hajawahi kuona mteja anayetupia tunda tumboni ili tu aondokane nalo. Hoanh alimweleza kwamba mke wake husema ruoi bila ganda la chenza ni matope yaliyokaangwa, na kwamba maganda ya sokoni kwetu hayana harufu. Aliyatunga kwenye uzi, akayaning'iniza juu ya moto wa jiko letu. Kila jioni aliyanusa, akasema bado.

Ndani ya bahasha utakuta ganda moja. Ni la uzi ule. Linuse, kisha uendelee.

Ilikuwa asubuhi, baada ya mvua ya siku nyingi. Mvua ndiyo saa ya wavunaji, kwani nyungunyungu wanakuwa juu. Hoanh na mwenzake waliingizwa shambani kwa Mama En bila ruhusa, naye Hoanh alikwenda shingo upande. Buti lake la kushoto lilikuwa limepasuka. Alikuwa amelalamika, na Bosi Sinh alimwambia hakuna anayekufa kwa soksi mbichi. Kati ya safu za michungwa kuna mfereji wa maji. Mwenzake alieleza kwamba Hoanh aliuruka, utelezi ukamchukua, akaangukia ndani ya maji kifudifudi, fimbo zote mbili chini yake na betri bado inafanya kazi. Hakupiga kelele. Waliponiita kutoka kwenye mizani nilimkuta amelazwa kwenye majani, na nyungunyungu wamejaa pembeni yake, waliotolewa na umeme uleule.

Mumeo amekufa, dada yangu. Anakaribia kutimiza mwaka. Nilitamani pawe na neno laini zaidi, nimelitafuta, sikulipata.

Mama En alikuwa amekuja na fimbo kufukuza wezi. Alipomwona aliitupa fimbo. Bosi Sinh alifika, akatutazama sote, akasema jambo hili likijulikana mashine zitachukuliwa na sote tutafungwa; akanigeukia mimi, akasema, "Na wa kwanza ni wewe, karani. Nani alimleta? Si wewe? Nani anaandika kila kitu hapa? Si mkono wako?" Alitaka azikwe msituni, mbali. Mama En ndiye aliyekataa. Alisema mtu aliyefia shambani mwake ni mgeni wake, na mgeni hatupwi. Alipanda nyumbani, akashuka na kitambaa alichojifumia mwenyewe kwa ajili ya siku ya kuzikwa kwake, akamvika Hoanh. Tulimzika ukingoni mwa shamba, penye mianzi, kichwa chake kikielekea mtoni kwetu, kadiri nilivyoweza kukisia.

Siku ya pili Bosi Sinh alikupigia simu. Nilikuwa nyuma ya vichanja vya kukaushia. Nilimsikia akikuambia habari za msichana wa chai, na hata akajichekesha kidogo, kama mtu anayemwonea haya rafiki yake. Ningepiga hatua chache tu ningeichukua ile simu. Sikupiga. Baadaye uliponipigia mwenyewe kuniuliza kama ni kweli, nilisema sijui, nilikuwa kazini. Hilo silitafutii udhuru.

Baada ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya, niliacha kazi. Nilimwambia Bosi Sinh kwamba Mama anaumwa. Nilifika kituo cha basi, nikashindwa kupanda kuja kukutazama usoni, nikarudi kwa Mama En. Alinitengea bakuli. Tangu hapo namsaidia shambani. Tanuri limehamia bonde la pili, lakini watu wawili wamekuja kibandani kuulizia karani wa zamani, na Mama En amewaambia karani alikwenda kusini kuoa. Mmoja alinunua machungwa, akacheka, akasema watarudi siku ya harusi.

Michungwa yake inakufa. Majani yamekuwa manjano, matunda yanaanguka yakiwa mabichi. Udongo umekuwa mgumu kama kigae. Mvua ikinyesha maji hukimbia juu yake bila kuingia. Ukichimba, hukuti kitu kinachotembea.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapalilia karibu na mianzi, Mama En akaniuliza kama ni kweli kwamba sisi watu wa mabondeni huwazika wetu mara mbili, kwamba baada ya miaka mitatu huwafukua, tukaosha mifupa na kuipeleka penye makao ya mwisho. Nikamwambia ni kweli, na kwamba Hoanh naye lazima aje kulala kwetu, karibu na baba. Akauliza, "Na mkikuta mwili haujaisha?" Nikamwambia hilo ndilo jambo tunaloliogopa kuliko yote, hufunikwa tena, familia hulia upya, na watu husema marehemu ana kinyongo. Mama En aliikanyaga ile ardhi kwa kisigino, ikalia kavu. Hoanh amelala katika udongo ambao sisi wenyewe tuliutoa uhai, na hakuna kilichobaki humo cha kumpokea.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mama En amerudi kutoka kijitoni na kikapu cha majani mabichi. Ndani yake kulikuwa na nyungunyungu aliowaokota kwa mkono, wachache tu, pamoja na udongo wao. Aliwaweka juu ya kaburi, akawafunika kwa majani yaliyooza, akawanyunyizia maji. Alisema, "Nendeni kwa mwenyeji wenu." Tangu siku hiyo tunakwenda pamoja. Wengine hufa. Wengine huingia. Mimi niliyewapima kwa magunia sasa nikimpata mmoja mzima chini ya jiwe nambeba kwa viganja viwili.

Siku ya Hoanh ya kutimiza mwaka inakaribia, na haipasi ipite bila bakuli la wali lililowekwa na mkono wako na wa Nhai. Ukitaka twende kushtaki, nitasimama mbele nikaseme niliyoyaona, hata kama mimi ndiye nitakayefungwa. Ukitaka kwanza umlilie, hilo litatangulia. Ukinikana, nitaelewa.

Mpe Mama salamu zangu za magotini. Mbusu Nhai kwenye pengo lake, na siku utakayoweza, mwambie baba yake alikuwa njiani kurudi. Bi Thom mwache tu. Siku yake itafika bila sisi kumwita.

Ukija, usipige simu kwa mtu yeyote. Panda basi la Hoa Binh, kisha la Cao Phong, ushuke penye vibanda vya machungwa. Usiulize tanuri liko wapi, wala usitaje jina langu. Mtafute mama mwenye meno meusi ambaye chungu chake cha chai kina mfuniko wa bati. Usimwambie wewe ni nani. Mwonyeshe ganda la chenza nililokutumia, naye atafunga kibanda na kutangulia mbele. Beba konzi moja ya udongo kutoka kwenye tuta la shamba letu, ule ambao Hoanh alikuwa akiukanyaga. Mkifika penye mianzi mtaniona nimepiga magoti. Usidhani naomba dua, dada. Nitakuwa namwokotea Hoanh nyungunyungu.

Ndimi mdogo wako,
Tuong