Kaburi Lile Si la Salim

Mama Zuhura,

Nina hasira, na sina wa kumpelekea ila wewe. Usiucheke mwandiko.

Binti yako ameagiza jiwe. Jeupe, limechongwa jina la Salim, na Ijumaa baada ya swala wanakwenda kulisimika kwenye lile tuta dogo la makaburini, ubavuni mwako. Aliniambia jana, amefurahi: “Baba, miaka yote hii kaka yetu hana hata jina pale. Sie tumeona aibu.”

Litasimama juu ya mtoto wa watu. Salim hayupo pale. Hajawahi kuwapo.

Nimesema. Zaidi ya miaka arobaini nimelibeba hilo, na daktari ameshaniambia moyo wangu hauna safari ndefu.

Asubuhi ile ulipojifungua, mtoto hakulia. Ulikuwa umelala wodini, midomo imekukauka, ukaniomba jambo moja tu: nimzike nyumbani, upenuni, karibu na mlango wa uani. Bibi yako aliwalaza hivyo wanawe wawili wachanga. Nami, kijana mwenye shahada yangu mpya, nikakujibu kwamba hayo ni mambo ya watu wa Zama za Mawe. Kwa mke aliyetoka kufiwa. Ningeweza kumpata kijana yule leo, ningemchapa kwa fimbo hii ninayotembelea.

Muuguzi akaniuliza, “Baba, mnamchukua au hospitali imzike?” Nilikuwa na kipindi cha kidato cha sita saa nne. Nikasema imzike. Nikatia sahihi. Sikumfunua hata uso.

Unajua nilikwenda kufundisha nini? Nilisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, nikawaeleza vijana wa watu jinsi wakulima wa kwanza wa Mashariki ya Kati walivyozika wafu wao chini ya sakafu za nyumba zao. Walimkunja maiti mpaka magoti yakafika kifuani, wakamfunga kwa mkeka, wakamlaza chini ya pale walipolala wao wenyewe, wakaipaka sakafu upya, maisha yakaendelea juu yake. Vichanga wengine waliwaweka karibu na meko. Viko vijiji ambako baadaye walilifukua fuvu, wakalipaka chokaa mpaka likapata tena sura ya mtu, na machoni wakatia makombe ya baharini. Mwanafunzi mmoja akauliza, “Mwalimu, hawakuogopa?” Nikamjibu kwamba hatujui waliamini nini, lakini yaelekea walitaka kujua wafu wao wako wapi. Darasa likaandika. Nikajiona nimefundisha vizuri.

Jioni nikakuambia tumemzika Temeke, mimi na watu wawili wa msikitini. Uliniamini. Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Wewe ulibaki kitandani na mimi ndiye niliyekuwa macho yako. Ulipopata nguvu ukataka kumwona mwanao. Nikakupeleka, nikakuonyesha tuta dogo la kwanza nililoliona, udongo bado mbichi, halina alama. Ukapiga magoti. Ukapanda mrehani. Huenda mama mwingine alikuja siku ya pili, akaukuta mrehani wako, akadhani amepotea njia.

Miaka ilipopita nilirudi hospitali kuuliza. Karani akanitazama kama mtu anayeulizia mvua ya mwaka juzi.

Ungenitukana mara moja tu, pengine ningetapika yote. Lakini wewe kila Idi uliwaambia majirani, “Mwalimu alimzika mwanawe kwa mikono yake mwenyewe.” Na nikipoteza miwani, mbele ya wageni: “Wafu wa miaka elfu tisa anawajua mpaka meno, miwani yake haijui ilipo.” Watu walicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Halafu ukaumwa, ukasema, “Nilazeni ubavuni kwa mwanangu.” Nilisimama pale makaburini nikiwatazama wanaume wakichimba kando ya mtoto nisiyemjua. Ulimi nilikuwa nao. Nilichosema ni, “Chimbeni taratibu.”

Na wewe pia nimekukasirikia. Upenuni pale hukumruhusu mtu kuweka hata ndoo. Ulipafagia kila asubuhi, mvua au jua. Siku niliyokuuliza kwa nini, ulisema, “Pako hivyo hivyo,” ukaendelea kufagia. Kama ulijua, Mama Zuhura, ulinyamazaje ukaniacha nizeeke na uongo wangu? Na kama hukujua, mkono wako ulikuwa ukifuata nini?

Tangu uondoke pameota nyasi. Siwezi kuinama. Zuhura ananing’ang’aniza nihamie kwake Mbweni, anasema nyumba hii ya Gongo la Mboto ni kubwa kwa mtu mmoja. Nakataa, naye anadhani ni ukaidi wa uzee.

Leo ni Jumatano. Nimempigia simu aje, na nitampa karatasi hizi azisome mbele yangu. Akilia sitamwambia anyamaze. Akinitukana sitajitetea kwa vitabu. Nitamwomba jiwe lisiende makaburini, lisimikwe hapa upenuni, ulipotaka wewe tangu mwanzo. Halitakuwa na mtu chini yake, lakini halitakuwa limesema uongo juu ya mtu. Na mtoto yule wa watu aendelee kumwagiliwa mrehani wake. Hana kosa, na sasa ni jirani yako.

Wameniachia nafasi upande wa pili wa tuta, ati mtoto awe katikati yetu. Kama nitalazwa hapo au mbali nawe, ataamua Zuhura. Mimi nimeshaamua mazishi mamoja maishani mwangu, yanatosha.

Geti linagongwa. Ni yeye, namjua kwa ugongaji wake. Lala salama, mke wangu. Nakuahidi karatasi hizi sitazikunja nikazificha.

Mwalimu wako