Amina Kibandani

Mama Neema, mke wangu mkorofi,

Daktari ametoa kitambaa machoni, sasa naona mpaka sisimizi. Nilimwahidi mchungaji kwamba macho yakifunguka nitaanza kwa kuutazama msalaba kanisani, lakini njiani, hapa mtaani Kamwokya, kibanda cha sinema kikanivuta. Filamu ya Kichina: mzee anapanda wingu mpaka mlango wa mbinguni, halafu anakataa kuingia. Mtafsiri wa kibanda, anayetufasiria filamu papo hapo, akatangaza kwenye maiki, "Anaomba mke wake afike kwanza." Kibanda kizima tukaitika Amina, na mimi mzee wa kanisa nikawashinda wote kwa sauti.

Jirani yangu wa benchi akanicheka. "Mzee, unajua anaomba mungu gani?"

"Sijui. Mke namjua."

Miaka miwili ya giza sijaona sura yako. Jumamosi nifungulie mlango umevaa kile kitenge chekundu. Mbinguni watanisubiri.

Mumeo, Baba Neema