Jina Langu Mikononi mwa Mwizi

Bunia, Shari
Tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa yaya Delphin, kaka yangu mkubwa,

Amani ya Bwana ikukute huko Lubumbashi. Afya yako inaendeleaje? Mgongo uliokusumbua wakati wa Pasaka umepona? Wifi Espérance na watoto wanaamka vizuri? Siye huku tuko, tunamshukuru Mungu. Malaria ilinilaza juma lililopita, ila sasa ninasimama. Mvua inanyesha karibu kila jioni na njia ya kwetu imekuwa matope matupu, hata watu wa pikipiki wanakataa kuingia.

Yaya, nimechelewa kukujibu. Si kwa ubaya, nimechoka tu. Ukifanya kazi hii ya ukomisioneri, kuwatafutia watu nyumba za kupanga, unarudi jioni huna hata sauti ya kuwasalimia watoto. Kila anayekimbia vijijini anataka chumba, na kila mwenye chumba anataka mpangaji asiye na watoto.

Uliniuliza kwa nini nimejitengenezea tovuti, ile tunayoiita "site", wakati WhatsApp ipo. Acha nikueleze yaliyonipata, maana kwa simu nilishindwa.

Unajua nilikuwa naweka picha za nyumba katika magrupu ya WhatsApp, pamoja na jina na sura yangu, ili watu wanijue. Mwizi mmoja akazichukua zote, akabadilisha namba ya simu tu. Akaanza kuwajibu watu kwa jina langu na kuwaahidi nyumba ya muzee Ézéchiel, kule mtaa wa Lumumba, ambayo nilikuwa nimekwisha kuipangisha.

Asubuhi moja muzee akanipigia kwa hasira. "Mama Geneviève, ni watu gani hawa umenitumia? Nyumba iko na watu ndani!"

Nilipofika nilikuta magodoro na masufuria mbele ya lango, na mwanamke ameketi juu ya furushi la nguo, watoto wamemzunguka. Jina lake mama Émilienne, mwalimu kutoka Djugu. Walikimbia mauaji, wakakaa sebuleni kwa wifi yake mpaka wakachokwa. Alikuwa ameuza cherehani yake ili amtumie yule mwizi garanti ya nyumba, ile kodi ya miezi inayotangulizwa kabla ya kuingia. Aliponiona akatazama simu yake, kisha akanitazama.

"Ni weye," akasema. "Sura ni yako."

"Mama, sura ni yangu, lakini namba si yangu. Hatujasemezana hata mara moja."

"Namba ningeijua wapi? Miye nilijua sura."

Majirani wakaanza kuniita mwizi. Nilipelekwa polisi nikiwa na kanga ya nyumbani, yaya, watu wakinipiga picha. Huko afisa mmoja akapiga ile namba mbele yangu. Mwanamume akapokea, akasema yeye ni mume wa Geneviève. Mume wangu! Weye mwenyewe ulishika jeneza lake. Muzee Ézéchiel, aliyetufuata hadi polisi, akawaeleza kwamba mimi ni mjane na kwamba ananifahamu, nikaachiliwa.

Yule mama hakuwa na pa kwenda, nami sikuweza kumwacha barabarani. Nikamleta kwangu na watoto wake. Alikaa hapa, akala ugali wangu, akiamini bado kwamba mimi ndimi niliyemwibia. Alikuwa anaosha sahani yake peke yake na kuiweka mbali na zetu. Yaya, hakuna kazi iliyonichosha kama kuishi hivyo.

Wenye nyumba wakaja mmoja mmoja kuchukua funguo zao. Kanisani wamama wakawa wananisalimia kwa vidole tu.

Ndipo nikamwendea Hortense, mwenye duka la kuchapisha karibu na soko. Akaniambia, "Katika magrupu, weye na mwizi munakaa sawasawa. Mutu atawatambua namna gani? Iko lazima ukuwe na mahali pako, penye weye tu unaweza kuandika."

Akanitengenezea. Pana sura yangu, namba yangu na mahali ofisi ilipo. Nyumba ikipata mpangaji, ninaandika siku hiyo hiyo kwamba imechukuliwa. Juu kabisa tumeweka onyo: usitume garanti kabla hujaingia ndani ya nyumba kwa miguu yako. Muuguzi aliyepata kazi hospitali ya Nyankunde na anayetaka familia yake ikae Bunia anaona vyumba akiwa bado Kisangani, bila kuniamsha alfajiri kuniuliza kama kuna maji.

Sikufichi, site haiondoi uchovu. Umeme unakatika, mtandao unapotea, na wengi wanaokimbia hawana simu ya kuifungua. Mwizi naye hajakamatwa.

Ila siku moja, nikiwa jikoni na Émilienne, simu ikalia. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikaifungulia sauti kubwa. Alikuwa mtu wa Beni, jina lake Aaron.

"Mama, kuna mwanaume anasema anafanya kazi na weye, anataka nimutumie garanti. Nimetafuta jina lako, nimefika kwenye site yako, namba iko ingine. Ni weye kweli?"

"Ni miye. Usimtumie kitu."

Émilienne alikuwa amesimama na sahani mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akaketi chini, akalia, nami nikaketi karibu naye.

Baada ya kitambo mwenye nyumba mmoja wa hapa Shari, aliyesoma site na kuniamini, akakubali kumpa Émilienne vyumba viwili, akae na watoto wake wote. Siku ya kuhama, Émilienne alipitia ofisini kwangu kwanza.

"Andika jina langu kwenye site," akasema. "Andika kwamba nilikuita mwizi mbele ya watu, na haikuwa weye."

Nilishindwa kuandika, yaya. Aliketi mwenyewe akaandika maneno hayo, kwa mwandiko wake wa mwalimu, Hortense akayaweka chini ya sura yangu. Wageni wengi wananiambia walisoma hayo kabla ya kutazama nyumba yoyote.

Nisalimie wifi Espérance na watoto, pia mama mdogo Godelive akipita hapo. Wanangu Floribert na Sandrine wanakusalimu, wanauliza utakuja lini. Mungu aulinde mlango wako, akupe usingizi ambao siye huku tunautafuta.

Mdogo wako anayekupenda, hata akiwa amechoka,
Geneviève