Ukurasa Uliokimbilia Chini

Jumatatu, 3 Machi
Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi: leo natimiza siku tisa bila sukari. Mabuyu hayahesabiwi. Mabuyu ni tunda, na daktari hakuyataja. Kadzo, mke wangu, naye hajaulizwa.

Naandika kwenye kompyuta wasifu wa marehemu Shangazi Kadii. Mazishi Jumamosi, Ganda. Mara ukurasa ukateremka wenyewe mpaka mwisho, kama mbuzi aliyekata kamba.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua barua ya zamani. Nayo ikakimbia. Basi kosa si la wasifu. Nimechomoa mausi. Bado. Nimezima, nimewasha. Bado. Mausi haina hatia, na nilishaitukana mpaka mama yake.

Jumatano, 5 Machi
Kaka Charo, mkubwa wetu, alikuja kusomewa. Nilipofika kwa watoto wa marehemu, kwenye jina la Dama, ukurasa ukakimbia. Nikarudi. Ukakimbia tena.
“Umeona? Marehemu mwenyewe anakataa,” akasema. “Dama si wa kuzaa. Futa, katibu.”
Dama alilelewa na Shangazi tangu uchanga. Miaka hii ya ugonjwa ndiye aliyemwogesha.

Charo alipoondoka, nikaelewa. Jina la Dama liko chini kabisa ya ukurasa. Hapo ndipo ninapobonyeza kitufe cha mshale wa kushukia. Nimekibandua kitufe kwa mpini wa kijiko. Chini yake sukari nyekundu ya mabuyu, imeganda kama gundi; kikibonyezwa kinanasa.
Nimekirudisha. Sukari nimeiacha humo humo.

Alhamisi, 6 Machi
Nikisema, Kadzo atajua. Nisiposema, Dama si mtoto wa mtu. Nimefuta jina. Nimelirudisha. Nimefuta. Mimi ni mwoga, tena mwoga mwenye kitambi.

Ijumaa, 7 Machi
Charo amekuja kuchukua wasifu ukachapwe. Akauliza kama ukurasa bado unakimbia; nikamwambia kompyuta ina vumbi tu. Kadzo, kwa wema wake, akaichukua kibodi akaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Punje nyekundu zikamwagika mkekani. Akaonja moja, akanigeukia.
“Baba Neema. Vumbi hili lina iliki.”
Hapo tu ndipo nikasema. Yote. Charo akaokota punje moja mkekani. “Kwa hiyo si Shangazi?”
“Si Shangazi, kaka. Ni mimi.”
“Basi liandike.”

Jumamosi, 8 Machi
Tumezika. Jina la Dama liliposomwa, aliifunga leso yake upya kiunoni, akainua uso.

Wazee wamenipongeza kwamba nilimtetea. Nimewaacha waseme. Hapa sitaacha: sikumtetea. Nilijua siku mbili, na karatasi ambayo ningempa Charo jana haikuwa na jina lake. Ni Kadzo aliyetikisa kibodi.

Jioni Dama aliniletea maji ya kunawa kabla ya wengine wote. Nikanawa. Wekundu wa mabuyu vidoleni haujatoka bado.