Nani Atamwogesha Koko

Kingstanding, Birmingham
12 Februari 2006

Koko wako anahamia Birmingham. Nimesema, na Goretti akisema imekwisha. Sasa ngoja nisalimie kama watu: Rosine mwanangu, hujambo? Baridi ya Glasgow imepunguza meno? Sisi wazima, baba yako anakohoa kidogo lakini sahani yake hairudi na kitu.

Sikiliza. Umeitwa shule ya unesi, hutaweza kumlea bibi yako, mama yangu, na huku unakesha wodini. Mimi mtoto wake niko hapa, chumba cha chini kipo, bafu letu hata pasta amelisifu. Na kanisani Mama Ciza aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli mama yangu analelewa na mjukuu kule kwenye theluji. Nikamjibu kwamba anakuja, tena anakuja na huduma zake zote za serikali. Daktari, dawa, na badala ya yule msichana wa Kiskoti anayemwogesha asubuhi watampa wa hapa. Malkia si ni mmoja? Nikawaalika wote waje wajionee wenyewe. Wewe waambie watu wa Glasgow wasihangaike tena.

Ninaandika kwa sababu ukishika simu Koko anakaa ubavuni mwako, na masikio yake hayajazeeka.

Mama yako mzazi,
Goretti

Glasgow
20 Februari 2006

Mama mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Baba. Mpe asali, asijifanye mzima. Sisi tunaendelea vizuri, Koko anakusalimu bila kujua ninakuandikia.

Mama, daktari na dawa si shida, mtamwandikisha huko. Shida ni yule wa kumwogesha. Uskoti wana sheria yao na Uingereza wana yao. Nimeuliza nikajibiwa kwamba msaada huo haumfuati mzee akihama. Ofisi ya huko lazima ije imwangalie upya kama vile hajawahi kusaidiwa, na hakuna anayejua watakuja lini. Tafadhali ongea nao kabla hajasafiri.

Siku ambazo yule msichana haji, mimi ndiye ninayemwogesha. Mimi ni mjukuu, ananiita mke mwenza wake, tunataniana bafuni mpaka jirani anagonga ukuta. Lakini wewe umetoka tumboni mwake, na kwetu mtoto haoni uchi wa mama yake. Baba ni mkwe, yeye ndiyo kabisa hawezi. Sasa nani atamwogesha?

Binti yako,
Rosine

Kingstanding
1 Machi 2006

Rosine mwanangu,

Salamu. Asali imefanya kazi. Lakini wewe siku hizi unaandika kama karani. Mimi nilivuka ziwa na wewe mgongoni, risasi nyuma yetu, leo nishindwe kumvusha mama yangu kutoka Glasgow? Ofisini nimeshaongea nao. Kila kitu kiko tayari, mpaka mashuka. Mjomba wako Ruben anakuja na gari Jumamosi. Mfunge Koko skafu shingoni vizuri, na usimtie wasiwasi.

Mama yako asiyeshindwa,
Goretti

Glasgow
30 Machi 2006

Mama yangu,

Hamjambo huko? Mimi mzima, nyumba tu imekuwa kubwa.

Tangu Ruben amchukue Koko sijapata barua yako. Nikipiga simu unasema amelala. Juzi ulimpa, nikamwuliza mhudumu wake mpya anaitwa nani. Yeye akaniuliza kama chumba chake huku bado kipo.

Sikuandikii kukushtaki, Mama. Niambie tu. Nani anamwogesha?

Binti yako,
Rosine

Kingstanding
Jumapili ya Matawi, 9 Aprili 2006

Rosine mwanangu,

Hakuna anayemwogesha. Salamu leo zitanisamehe.

Nilikuandikia kwamba nimeongea na ofisi. Sikuwa nimeongea na mtu. Nilipopiga, Koko alikuwa ameshafika, na mama mmoja kwenye simu akaniambia kwa upole yaleyale uliyoniambia wewe: wanaanza upya, tungoje zamu yetu. Daktari tumempata, dawa anameza. Ni maji tu. Anajifuta uso na miguu kwenye karai, halafu anavaa koti lake la Glasgow na kulifunga vifungo mpaka kooni, ndani ya nyumba yenye joto. Mama Ciza na wenzake walipokuja kumwona niliwaambia amelala. Walipoondoka Koko akaniuliza kwa nini sikuwaambia tu kwamba ananuka.

Alhamisi nilisikia maji bafuni. Kisha nikasikia kitu kimeanguka. Nikashika kitasa.

"Usiingie, Goretti," akasema. "Wewe nilikuzaa."

Nikakaa chini nje ya mlango, yeye ndani, mpaka maji yakapoa. Alitoka na koti juu ya mwili uliolowa, povu bado shingoni. Kumbe ilikuwa sabuni imemponyoka, akashindwa kuinama kuiokota. Alipita, hatukutazamana. Bafu lile nililolisifia kanisa zima.

Leo watu wakiwa bado na matawi mkononi nikaomba kusema. Wakadhani naleta ushuhuda, wengine wakaanza kupiga vigelegele. Nikawaambia hakuna mhudumu, hajawahi kuwapo, nilidanganya, na mama yangu hajaoga sawasawa tangu atoke Glasgow. Sakafu ya kanisa sikuwahi kuitazama hivyo, sasa naijua yote.

"Keti, Mama Rosine," akasema Mama Ciza. "Watu wa serikali huja na gari. Mlangoni kwako hatujaliona hata siku moja. Tulikuwa tunakungoja wewe useme."

Wakacheka, nami nikacheka na kamasi usoni. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema atakuja, maana hakuzaliwa na Koko. Wengine wakafuata. Watapokezana mpaka ofisi itakapoleta mtu.

Koko amekubali, lakini ana sharti. Wa kwanza awe mke mwenza wake, awaonyeshe anavyotaka maji yawe na mahali mgongo unapouma. Mimi nitakuwa jikoni na chai. Kwa hiyo omba ruhusa, mwanangu, uje. Ruben atakupokea stendi ya basi. Nimewaambia wote Jumamosi hii asubuhi, kabla ya Pasaka.

Mama yako,
Goretti