Mshiriki wa Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Imerudi. Mara ya nne! Msimamizi kaipaka tasnifu yangu wino mwekundu mpaka inaonekana imechinjwa. Sura ya tano: hisia nyingi, nadharia chache. Watu thelathini na mmoja wamenieleza walivyokimbia makwao na walivyoanza upya hapa, halafu nipunguze hisia. Haya bwana.

Kukabidhi ni tarehe 21. Haisogei tena, nimeshaisogeza mara mbili. Kabla ya hapo lazima nirudi kwa waliobaki, niwasomee maneno yao wayathibitishe. Mgongo unauma, macho yanauma, hata kiti kinalia nikikikalia. Mama kauliza leo ni mimba gani hii ya miaka sita. Nimecheka kwa adabu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ilikuwa zamu ya Kumi na Saba. Jina siandiki, hata humu. Niliahidi mbele ya kamati ya maadili: kila mtu namba, majina yote kwenye faili lenye nywila.

Ghorofa ya nne, lifti mbovu. Anafua mashuka hospitalini, mikono imebabuka kwa dawa. Alikuwa amefagia, amevaa vizuri, na jirani yake kaalikwa aje kusikiliza. Viti viwili – nikapewa kile kizima. Nikasoma kurasa kumi na moja, tangu nyumba yake ilipochomwa. Alisikiliza amefumba macho. Pale penye mpaka – umati, risasi, mkono wa mwanawe ukaponyoka – jirani alitoka nje.

Nilipomaliza akauliza: na jina langu liko wapi, mwanangu?

Nikaeleza. Usiri, usalama, mshiriki wa kumi na saba. Akacheka. Alidhani namtania! Kisha akaona sicheki.

Mtoto alikuwa na miaka tisa. Sasa angekuwa na ishirini na sita. Alipenda kusoma, anasema, alisoma hata gazeti lililofungiwa sabuni. Basi akajiambia: kama yu hai, yuko penye vitabu. Watafiti watatu walikuja kabla yangu, akawafukuza. Mimi akanikubali kwa sababu nilisema kitabu kitawekwa maktaba, na mtu yeyote duniani ataweza kukisoma.

Nilisema kweli. Huwa nawaambia wote. Imo kwenye karatasi ya maelezo, aya ya pili, niliiandika mwenyewe nikajiona hodari. Na ya kuficha jina nilimsomea pia, akaitikia, akatia dole gumba. Alidhani tunamficha kwa wabaya, siyo kwa mwanawe.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda kwa Msimamizi kuomba jina la Kumi na Saba liingie. Hapana.

Si mtu mbaya. Alivua miwani, akasugua macho, naye kachoka. Utafiti si tangazo la redio, kasema. Na waliochoma nyumba yake je, hawajui kusoma? Kashauri aende kwenye ofisi ya kutafuta waliopotezana. Ameenda! Miaka kumi na moja iliyopita. Walimpa kadi yenye namba.

Nimechoka na namba.

Ijumaa, 14 Machi

Kumi na Saba kaja mwenyewe idarani, katoka zamu moja kwa moja, ananukia sabuni ya unga. Nikampa hoja ya waliochoma nyumba. Akajibu bila kupandisha sauti: "Wanaonitafuta kwa ubaya hawajawahi kushindwa kunipata. Anayenitafuta kwa wema ndiye asiyejua nilipo."

Nikaona nimwambie ukweli, labda utamsaidia. Tasnifu haisomwi, mama. Wataisoma wanne: Msimamizi, watahini wawili, na mimi. Alhamisi naipeleka duka la kuchapisha, lile karibu na lango kuu, Ijumaa naikabidhi, baada ya hapo ni vumbi la rafu.

"Wanne?"

Wanne.

Akakunja leso yake, akaikunjua. "Mimi namtaka mmoja tu."

Nimelia chooni. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa! Na maji yalikuwa yamekatika, sikuweza hata kunawa uso.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuna jipya. Marejeo tu. Nukta, mkato, nukta. Kichwa kinagonga.

Jumatano, 19 Machi

Ukurasa wa shukrani. Nimeandika jina la Kumi na Saba chini ya Msimamizi. Nimefuta. Nimeandika tena. Shukrani si data, nikajiambia. Lakini jina likikaa mbele na kisa nyuma, nani atashindwa kujumlisha? Kamati ikigundua, miaka sita kwaheri. Na akidhurika? Nimefuta.

Nimemweleza Mama bila kumtaja mtu. Hakuacha kukunja nguo. Ungepotea wewe, kasema, jina langu ningeliandika hata kwenye paji la uso. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi – wewe umezaa karatasi tu. Asante, Mama!

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi, duka la kuchapisha. Naandika nimekalia boksi la karatasi. Nakala tano, jalada gumu. Fundi keshafungua faili. Shukrani: Msimamizi, Mama, "washiriki wote". Basi.

Kumi na Saba kaingia. Duka nilimtajia mwenyewe, mdomo wangu huu! Katoa kwenye mfuko wa plastiki nakala ya fomu yake ya ridhaa, ile ya dole gumba. Mwalimu wake wa darasa la watu wazima kamsomea yote, aya kwa aya. Aya ya sita: mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote kabla ya kazi kukabidhiwa, bila kutoa sababu.

"Kukabidhi ni kesho, siyo?"

Ndiyo, mama.

"Basi jina langu liingie. La sivyo, nirudishie maneno yangu."

Hakufoka. Bila yeye hakuna sura ya tano, na bila sura ya tano hakuna kesho. Na haki anayo! Aya ya sita niliiweka kwa sababu kamati iliitaka, sikudhani kuna mtu angeitumia. Naogopa. Naogopa kuandika na naogopa kufuta, na sijui hofu ipi kati ya hizo ni kwa ajili yake na ipi ni kwa ajili yangu.

Fundi kauliza: niendelee, dada? Nikasema subiri. Kauliza tena. Mashine inanguruma bure. Naandika humu ili nisimtazame mtu usoni.

Hajakaa. Kachukua kwenye trei ukurasa wa shukrani, ule wa majaribio, kaulaza kaunta. Anasema ana miezi saba darasani, hatii tena dole. Jina lake anajua kuliandika, nisijisumbue. Nafasi anaiona, hapo chini peupe.

Anataka kalamu. Fundi kapapasa kaunta nzima, hana. Sasa wananitazama wote wawili, na mkono wake umenyooka mbele yangu, umebabuka. Kalamu ninayo hii moja tu