Mzee Sedekia Apewa Saksafoni

Ikupa, nimetoka harusini Matema sasa hivi.

Mzee Sedekia wa Ngonga, yule mpuliza saksafoni wa bendi yetu ya jazz, si alipata kiharusi, mdomo ukapinda? Leo Godlove, mpiga gitaa la solo na kiongozi wa bendi, alimwalika. Mzee wa watu akavaa suti, akijua anakwenda kuheshimiwa.

Godlove akampa saksafoni mbele ya watu wote. "Kila siku wananiuliza mzee yuko wapi. Puliza wakusikie."

Mzee akamwambia polepole, "Mwanangu, unajua siwezi."

"Puliza."

Akapuliza, Ikupa. Akapuliza kweli. Ukatoka upepo mtupu, mate yakamchuruzika mpaka kwenye tai. Watu wakacheka. Bwana harusi naye akacheka.

Godlove akashika kipaza sauti: "Mmeona? Msiniulize tena."

Kisha akampa saksafoni Hezroni, mtoto wa kumzaa wa Sedekia, aliyefundishwa na huyohuyo baba yake. Nikajua atakataa.

Hezroni akaifuta mate ya baba yake kwa shati, akapuliza vizuri kuliko siku zote.

Mzee alikuwa bado amesimama palepale jukwaani. Hakuna aliyemwambia ashuke.